Uhura's Song: riwaya ya Star Trek ambamo nyimbo zinatafuta dawa

Mwezi wa kwanza wa mwaka 1985, Pocket Books, kampuni ya vitabu ya kule Marekani, ilitoa kitabu chenye jina Uhura's Song, ni kusema Wimbo wa Uhura. Kilikuwa namba 21 katika mufululizo wake wa riwaya za Star Trek, na kwa mwandikaji, Janet Kagan, ndiyo ilikuwa riwaya ya kwanza. Hadisi ni hii: ugonjwa unaua watu wa sayari nzima, waganga hawana dawa, na kitu pekee kinachoweza kuonyesha njia ni nyimbo za zamani ambazo wenyewe wanazificha. Anayezijua ni afisa mumoja wa chombo cha anga, mwanamuke Mwafrika, mutu ambaye luga yake ya utotoni ni Kiswahili.

Kwa mutu wa Goma, muji ambao umejua kipindupindu cha 1994, lava ya Nyiragongo ya 2002 na ya 2021, Ebola, na watu wanaohama na godoro kichwani tena na tena, hadisi kama hiyo haiko mbali sana, hata kama inatembea kati ya nyota.

Mutu wa radio

Star Trek ilianza kama muchezo wa televizio. Kipindi cha kwanza kilipita kwenye NBC tarehe 8 Septemba 1966, na kufikia 1969 vilikuwa vipindi 79. Gene Roddenberry, aliyeianzisha, aliweka ndani ya chombo Enterprise watu wa fasi mbalimbali: Kapiteni Kirk wa Marekani, Spock ambaye mama yake ni wa dunia na baba yake wa sayari Vulcan, Sulu mwenye asili ya Asia, kisha Chekov Murusi. Na pale nyuma ya kapiteni, na kifaa cha kusikilizia kwenye sikio, Liyetena Uhura, afisa wa mawasiliano. Kazi yake ni kukamata sauti za mbali, kuzisafisha, kuzitafsiri, kufungua masafa. Kwa maneno ya hapa, ndiye mutu wa radio.

Aliyemucheza ni Nichelle Nichols, aliyezaliwa 1932. Mbele ya kuwa muchezaji alikuwa mwimbaji, alipata hata kuimba na bendi ya Duke Ellington. Siku ile, kwenye televizio ya Marekani, mwanamuke mweusi alikuwa kwa kawaida mutumishi wa nyumbani. Kumwona ameketi kwenye daraja la chombo, mwenye cheo, mwenye elimu, bila mutu kushangaa, ilikuwa jambo. Nichols mwenyewe alieleza mara nyingi kwamba nyuma ya mwaka wa kwanza alitaka kuacha, arudie jukwaa la muziki, na ni Martin Luther King aliyemuomba abaki.

Jina lake ni hadisi nyingine. Nichols anasema kwamba siku alipoenda kujaribiwa kwa ile kazi, alikuwa na kitabu mukononi: Uhuru, riwaya ya Robert Ruark iliyotoka 1962, inayozungumuza juu ya Kenya inayokaribia kujitawala. Roddenberry alipenda neno, wakabadilisha mwisho wake kidogo ili lisikike laini zaidi, likawa Uhura. Kuna kichekesho ndani ya jambo hilo. Ruark alikuwa muzungu wa Marekani, muwindaji, na kitabu chake hakikuona mwangaza mwingi mbele ya Kenya huru. Kutoka kwa kitabu kile chenye mashaka, neno moja liliruka, likakaa juu ya mwanamuke anayeishi miaka 300 mbele, mahali Afrika ni inchi moja yenye nguvu. Na kwa sikio la Muswahili, ule mwisho wa -a haubadilishi kitu. Kiswahili hakina maneno ya kiume na ya kike. Lakini jina limezoeleka, na hakuna anayelitengeneza tena.

Kiswahili kilisikika siku ya kwanza

Wengi hawajui kwamba Kiswahili kilikuwa ndani ya Star Trek tangu kipindi kile cha kwanza kabisa kupita. Kinaitwa The Man Trap. Kuna kiumbe kinachowinda chumvi iliyo katika miili ya watu, na kinageuza sura yake kulingana na mawazo ya mutu kinayekutana naye. Kinapokutana na Uhura kwenye njia ya ndani ya chombo, kinajigeuza kuwa mwanaume mweusi mwenye sura nzuri, kinamusemesha kwa Kiswahili, naye anajibu. Kiumbe hakikusoma Kiswahili popote. Kilikitoa ndani ya Uhura.

Mwaka uliofuata, tarehe 29 Septemba 1967, kulipita kipindi The Changeling, na hapo jambo lilikuwa kubwa zaidi. Mashini yenye jina Nomad inaingia ndani ya Enterprise. Inamusikia Uhura akiimba kazini, inauliza kuimba maana yake ni nini, haielewi jibu, inamuchunguza akili na kumufuta kumbukumbu yote. Uhura anabaki sawa mutoto, inabidi afundishwe kusoma upya. Ndipo, alipokwama kwenye neno la Kiingereza na kukasirika, Kiswahili kikamutoka. Matamshi yake si ya Zanzibar wala ya Birere, tusidanganyane, lakini wazo la waandikaji ni wazi: mashini imefagia nyumba yote, ila ule musingi wa chini haikuufikia.

Kwa hiyo tangu zamani vitu viwili vilikuwa vimefungwa pamoja kwa Uhura, wimbo na luga. Televizio iliviacha pale. Filme nazo, kwa muda murefu, hazikuviokota.

Yale ambayo filme haikumupa

Star Trek ilifungwa kwenye televizio mwaka 1969, ikafufuka kwenye sinema mwaka 1979. Kufikia 1991 zilikuwa filme sita na wachezaji wale wale wa zamani, na Nichols alikuwa ndani ya zote. Ila kazi yake ilikuwa ndogo. Mufano ni filme ya tatu, ya 1984. Uhura ana muda mumoja mutamu sana: anamutoa mbio afisa kijana mwenye kujiona, anamufungia chumbani, na anawafungulia wenzake njia ya kuiba chombo. Kiisha anapotea kwenye hadisi mupaka karibu na mwisho. Katika filme ya sita, ya 1991, yeye mutaalamu wa mawasiliano anaonyeshwa akipekua vitabu vya karatasi, akitafuta maneno ya Kiklingon ya kudanganya walinzi wa mupaka, na watu wanacheka. Mutu aliyekaa miaka 25 kwenye masafa ya anga, hajui hata salamu ya adui mukubwa! Hapo walimukosea.

Hapo katikati, miezi saba tu nyuma ya filme ya tatu, ndipo kitabu cha Kagan kilitoka. Kinarudi kwenye wakati wa Enterprise ya kwanza, kinachukua watu wale wale, na kinauliza jambo ambalo filme haikuuliza: ikiwa huyu mama anaimba na anajua luga, itakuwaje siku ambayo hakuna kingine kinachoweza kuokoa watu isipokuwa hivyo viwili?

Ndani ya kitabu

Miaka ya nyuma, Uhura alifanya urafiki na mwanadiplomasia mumoja, Sunfall wa Ennien. Sunfall ni wa sayari Eeiauo, watu wenye umbo la paka, wenye manyoya na mikia, wenye adabu nyingi. Wale marafiki wawili walibadilishana nyimbo. Uhura alitoa zake, Sunfall akatoa zake, pamoja na nyimbo za zamani ambazo kwao si za kuimba wazi, na Uhura akaahidi kufunga mudomo.

Sasa Enterprise inazunguka Eeiauo sababu ya tauni. Wagonjwa wanalala usingizi usioisha na wanakufa. Ugonjwa unaruka pia kwa wanadamu, na sayari zingine zinaanza kuogopa. McCoy, munganga wa chombo, anashuka kuwatunza wagonjwa na anabaki huko. Fasi yake ndani ya Enterprise inashikwa na munganga mwingine, Evan Wilson, mwanamuke mufupi, mwepesi wa maneno. Uhura anafikiri juu ya rafiki yake aliye hatarini, na anafikiri juu ya zile nyimbo. Zinasema juu ya dunia nyingine, juu ya kuondoka, juu ya haya. Anaanza kuona kwamba watu wa Eeiauo hawakutoka Eeiauo. Ni wana wa wahamiaji. Waliondoka kwao zamani sana, wakaficha hata kumbukumbu ya kule walikotoka, na kilichobaki ni nyimbo za siri.

Hapo kitabu kinaweka swali gumu. Uhura aliahidi kunyamaza. Akinyamaza, watu wanakufa; akisema, anavunja neno lake kwa rafiki na kufunua aibu ya kabila zima mbele ya wageni. Kagan hapiti juu ya swali hilo haraka. Kirk anahitaji habari, Spock anataka hesabu, lakini ni Uhura peke yake anayejua uzito wa kila mustari, na wote wanapashwa kumungoja.

Enterprise inafuata nyimbo kama ramani, inafika kwenye sayari ya wazee wao, na huko kuna watu wanaofanana nao, wanaoishi kati ya miti, wenye desturi zao za kukaribisha mugeni na za kupitisha kijana kuwa mutu mukubwa. Wanaoongea na wageni kwanza ni vijana. Uhura akiimba, mulango unafunguka. Akigusa jambo la wale walioondoka, watu wote wanaona haya na kunyamaza. Dawa labda iko pale pale, mbele ya macho, na hakuna anayeweza kuiuliza bila kutukana. Sehemu hiyo ndiyo tamu kuliko zote katika kitabu. Hakuna vita kubwa, hakuna bunduki zinazoamua. Kuna wageni wanaojifunza kuketi, kula, kuitikia, kungoja, mupaka wajue swali linaulizwa namna gani. Atakayekisoma asiambiwe zaidi.

Kuna lawama moja ambayo wasomaji wa Star Trek wamekuwa wakiitoa, na ni ya haki. Yule munganga Evan Wilson anaweza kila kitu: anaponya, anadanganya kwa akili, anapanda, anapendwa na kila mutu. Katika kurasa nyingi anakula fasi ya Uhura, hata kama jina la Uhura ndilo liko juu ya kitabu. Tena safari ya kutembea porini imechukua kurasa nyingi kuliko inavyohitaji. Lakini kila mara hadisi inaporudi kwa nyimbo, inapata nguvu upya.

Kagan aliandika kidogo katika maisha yake, na akafariki mwaka 2008. Riwaya yake nyingine, Hellspark, ya 1988, nayo ni juu ya luga na kuelewana, na mwaka 1993 alipata tuzo ya Hugo kwa hadisi The Nutcracker Coup. Kwa hiyo Uhura's Song haikuwa bahati ya siku moja. Luga na desturi ndilo lilikuwa shamba lake.

Nyimbo zinazotunza njia

Wazo kwamba wimbo unaweza kubeba historia ya watu si geni hapa Kivu ya Kaskazini. Mwaka 1956, katika inchi ya Wanyanga, upande wa Walikale, muimbaji Candi Rureke aliimba hadisi ya Mwindo kwa siku 12, huku mutafiti Daniel Biebuyck akiikusanya. Ilitoka katika kitabu mwaka 1969, Biebuyck akiwa pamoja na Mukongomani Kahombo Mateene. Mwindo, mutoto aliyezaliwa anatembea na anasema, anashuka kuzimu kumutafuta baba yake, na kiisha, nyuma ya kumuua joka, Nkuba, ni kusema radi, anamupandisha juu. Huko anakutana na Mvua, Mwezi, Jua na Nyota, anaadhibiwa kwa baridi na joto, anafundishwa, kisha anarudishwa chini.

Kwa hiyo safari ya mutu kwenda kati ya nyota iliimbwa Walikale mbele ya Star Trek kuonyeshwa hata siku moja. Na kama Rureke asingeiimba, au kama asingekuwa na mutu wa kuiandika, leo ingekuwa na wangapi wa kuisimulia? Wanyanga, sawa makabila mengine ya huku, wamehamishwa na vita mara nyingi tangu miaka ya 1990. Muzee anayekufa kambini anaenda na mengi. Hilo ndilo jambo la Sunfall na nyimbo zake, bila mikia.

Ugonjwa, damu na luga

Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Mwezi wa saba mwaka 2019 ilifika Goma, na tarehe 17 ya mwezi huo Shirika la Afya Ulimwenguni likaitangaza kuwa hatari ya kimataifa. Ilipotangazwa kuisha, 25 Juni 2020, katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini walikuwa wameugua watu 3,470, na 2,287 walikufa. Kila mutu wa Goma anakumbuka ndoo za maji ya klore kwenye milango na kipimo cha joto kwenye paji la uso.

Kuna jambo katika ile miaka ambalo linafanana na kitabu cha Kagan kwa namna ya kushangaza. Ebola ilipopiga Kikwit mwaka 1995, waganga wa Congo, Profesa Jean-Jacques Muyembe akiwa kati yao, walijaribu kuwapa wagonjwa damu ya waliopona. Wagonjwa 8 walipewa, 7 wakaishi. Miaka 11 nyuma ya kupona, mutu mumoja wa Kikwit alitoa damu kwa uchunguzi, na ndani yake kulikutwa bado askari wa mwili wanaojua kupigana na Ebola. Kutoka kwao ikatengenezwa dawa, mAb114. Ilijaribiwa pamoja na dawa zingine tatu huku kwetu mashariki kuanzia Novemba 2018, na mwezi wa nane 2019 ikatangazwa kwamba mbili zimeshinda zingine. mAb114 ni moja kati yake. Dawa ya Beni ilikuwa imelala katika kumbukumbu ya damu ya Kikwit. Kagan aliandika miaka kumi mbele ya Kikwit, lakini alijenga juu ya wazo lile lile: waliokutana na ugonjwa zamani ndio wenye jibu, na kazi ngumu ni kuwafikia na kuelewana nao.

Kuelewana ndiko kulikokosekana mara nyingi. Mwaka 2019 shirika Translators without Borders lilichunguza luga iliyotumikishwa katika kazi ya Ebola mashariki ya Congo. Lilikuta kwamba matangazo mengi yalikuwa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili sanifu, na kwamba watu walihitaji Kiswahili cha huku, Kinande na luga zingine za kwao, tena na maelezo marefu kuliko neno moja kwenye karatasi ya ukutani. Neno la Kifaransa la kiganga linaweza kusikika kama tisho. Neno la Kiswahili cha Dar es Salaam linaweza kueleweka nusu tu. Na mutu anayeelewa nusu, hasa wakati wa kuzika ndugu yake, anakasirika. Redio za vijiji zilijua hilo. Waimbaji na watangazaji walieleza dalili, maziko salama na chanjo kwa maneno ya sokoni.

Katika Enterprise kuna mashini inayotafsiri luga zote za dunia. Kagan hakuiacha itende kazi yote. Mashini inatoa maneno. Haitoi sababu ya mutu kunyamaza.

Namna riwaya inavyorudi kwenye filme

Wenye Star Trek hawahesabu riwaya kuwa historia rasmi. Kinachoonyeshwa kwenye televizio na sinema ndicho kimetokea. Kitabu ni nyongeza. Ila wanachukua ndani yake wanapotaka. Sulu alikaa miaka mingi bila jina la kwanza. Vonda McIntyre alimuita Hikaru katika riwaya The Entropy Effect ya 1981, na filme ya 1991 ikalitumia. Uhura naye alipewa jina Nyota na William Rotsler, katika kitabu cha 1982 chenye maisha ya wahusika. Kwa miaka 27 lilikuwa jina la vitabuni tu. Mwaka 2009, filme mupya ilipotoka na Zoe Saldana akicheza Uhura kijana, Kirk anahangaika kutafuta jina lake la kwanza, naye anakataa kumuambia. Anamusikia Spock akimuita Nyota, na kwa siku hiyo jina likawa rasmi. Musemaji wa Kiswahili angetazamia Nyota ya Uhuru. Waliruka ile "ya", lakini maana inasikika.

Filme ya 2009 ilirudisha pia kitu kingine: Uhura ni bingwa wa luga, na bila masikio yake chombo kingeingia ndani ya mutego. Mwaka 2022, katika mufululizo Strange New Worlds, Celia Rose Gooding alimucheza akiwa angali mwanafunzi. Anasema luga 37, nyumbani kwao ni Kenya, na wazazi wake na kaka yake walikufa katika ajali. Katika kipindi cha pili, Children of the Comet, wenzake wamefungiwa ndani ya jiwe kubwa la anga na hesabu zimeshindwa. Uhura anaanza kuimba polepole kwa pua, ili kutuliza moyo, na jiwe linajibu. Kipindi hicho hakikutaja kitabu cha 1985. Lakini msomaji wa Kagan alijua amekwisha kupita hapo.

Nichols mwenyewe aliishi mupaka akaona hayo. Tangu 1977 alisaidia NASA kutafuta wanawake na watu weusi wa kuwa wanaanga. Kati ya walioingia siku hizo ni Sally Ride na Guion Bluford. Mae Jemison, munganga, mwanamuke mweusi wa kwanza kufika angani, Septemba 1992, alisema kwamba Uhura ndiye aliyemuonyesha kwamba inawezekana, na kila zamu yake huko juu aliifungua kwa yale maneno ya Uhura ya kusema masafa yako wazi. Nichols alifariki tarehe 30 Julai 2022, akiwa na miaka 89. Tarehe 8 Januari 2024 sehemu ya majivu yake ilipakiwa kwenye roketi Vulcan, iliyoruka kutoka Florida, pamoja na ya Gene Roddenberry, ili yaende kuzunguka jua.